Taa ya Mume Wangu na Jua la Omiya

Kama mwenzi wako anaishi mbali, msomaji, unajua jinsi zawadi ndogo inavyoweza kubeba mambo makubwa. Mume wangu alipokwenda Tokyo kusoma, ilipofika kumbukumbu ya ndoa yetu alininunulia bonsai. "Ni mti wako, mimi nautunza tu," akaniambia kwenye simu. Ulikuwa juniper wa Kijapani, ndugu wa mtarakwa wa milima yetu ya Usambara, ila urefu wake hauzidi chupa ya soda. Kila jioni kabla hatujaagana aligeuza kamera nami nikauona, umekaa mezani chini ya taa ya zambarau utadhani uko disko.

Februari 2024 nikapata likizo, nikamfuata. Chumba ni kimoja tu, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Jua haliingii hata kwa bahati mbaya. Ndiyo maana alinunua ile taa ya kuoteshea mimea, akaitegesha iwake saa 14 kwa siku. Hita inawaka, chumba kina joto, mti wa kijani kibichi. Nikamsifu sana. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi, kwa kuwa kwa miezi kadhaa haukuwa umetoa hata chipukizi moja.

Jumamosi tukautia kwenye boksi tukapanda treni kutoka Ueno hadi kituo cha Toro, kama nusu saa hivi. Kutoka hapo unatembea dakika chache tu unafika kijiji cha bonsai cha Omiya, katika jiji la Saitama. (Ukipanga kwenda, usiende Alhamisi. Jumba la makumbusho hufungwa, na bustani nyingi pia.)

Kijiji hiki kina historia yake. Mwaka 1923 tetemeko kubwa liliivuruga Tokyo, na baadhi ya watunza bonsai wakaamua kuhama kutafuta nafasi, maji safi na udongo mzuri. Mwaka 1925 wakaanzisha makazi hapa, na baadaye wakajiwekea masharti: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, bustani yake iwe wazi kwa wageni, asijenge ghorofa, na uzio wake uwe wa mimea. Hebu fikiria kwetu mtu akuambie usijenge ghorofa ili usimzibie jirani mwanga! Mitaa ina majina ya miti, na ukimya wake unakufanya ushushe sauti bila kuambiwa.

Tulianza na jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2010. Mimi nilitarajia kukuta miti imepangwa ndani chini ya mataa, kama vito dukani. Wapi! Ndani ni michache tu, tena kwa zamu. Mingine yote iko nje uani, kwenye baridi ambayo mimi na makoti yangu mawili tulishindwa nayo. Misonobari, mitarakwa, na momiji zilizopukutika majani yote zikabaki vijiti vitupu.

Kwenye bustani moja ya jirani tukamkuta mzee mmoja akimwagilia. Mitarakwa yake ilikuwa na rangi ya shaba, kama iliyoungua. Nikamnong'oneza mume wangu kwamba wetu una afya kuliko hii. Yule mzee akaomba auone. Hakucheka. Akazungumza taratibu, mume wangu akawa ananitafsiria.

Ile rangi ya shaba, alisema, ni usingizi. Juniper na msonobari huhitaji majira ya baridi ili kupumzika, na bila baridi hiyo huchoka mwaka hata mwaka. Joto la hita lilikuwa limeunyima mti wetu usingizi. Na ule ukijani niliousifu? Juniper anaweza kufa akabaki kijani kwa wiki nyingi, hata miezi, kabla hujajua.

Kuhusu taa hakuwa mkali. Tatizo ni jicho letu, linatudanganya. Jua la mchana kweupe hufika laksi 100,000, ambacho ni kipimo cha mwanga, wakati chumba chenye taa za kawaida hupata mia chache tu. Hata taa ya mimea ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye jani hupungua mpaka karibu robo. Mume wangu aliitundika juu kabisa ili isimuumize macho akisoma. Mzee akatuonyesha banda la vioo lenye fikasi, ndugu wa mikuyu yetu. Hizi zinatoka nchi za joto, hazitaki baridi, na ukizipa taa nzuri iliyo karibu, saa 12 hadi 16 kwa siku, zitakaa nyumbani mwako bila shida. Kwa hiyo nyinyi mnaokaa fleti zisizo na kibaraza, taa nunueni, ila mchague mti unaoendana nayo.

Kisha akakwaruza gome la tawi kwa ukucha. Kavu, kahawia. La pili, vilevile. La tatu likaonyesha ukijani mwembamba chini ya gome.

"Niliogopa baridi itauua," mume wangu akaniambia, kwa Kiswahili sasa. "Nikaona nitakosa cha kukuonyesha jioni."

Sikuwa na la kumjibu pale pale. Miezi yote ile kila nilipouliza habari zake, aligeuza kamera kwenye mti.

Tuliuacha kwa mzee. Hakuutoa nje siku ile, maana mti uliozoea hita hauwezi kurushwa ghafla kwenye baridi kali. Aliuweka kwanza mahali pa baridi ya wastani, palipokingwa na upepo, hadi majira ya kuchipua. Kuuleta Dar nako si mchezo, unahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea.

Mwezi Mei mume wangu alirudi kuuona, peke yake. Matawi mawili yalikuwa yamekatwa, la tatu limetoa ncha mpya. Picha hakuna, bustani ile hawaruhusu. Jioni hiyo alinisimulia kwa mdomo, saa nzima, na kamera ilikuwa imeelekea usoni kwake.