Gesi ya AC Hailiwi, Jamani!

Mtu akikwambia gesi ya AC "imekwisha" kama mafuta ya taa, mtazame mara mbili. Gesi huzunguka tu humo ndani, ikipungua, inavuja. Shangazi yangu wa saluni ya Kariakoo alishalipa weee! Kila miezi mitatu fundi anakuja "kuongeza", na akina dada bado wanatoka jasho.

Nikampelekea kijana wa Magomeni, si mtu wa maneno. Kwanza alisafisha filta, maana ikiziba, geji nazo zinadanganya. Kisha akapaka sabuni kwenye maungio. Mapovu hayo! Akaihamishia gesi iliyobaki kwenye mtungi, akaziba, akavuta hewa na unyevu kwa pampu, ndipo akajaza kwa mizani, kilo zilezile zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Mambo ya kupapasa paipu, hakuna. Kumbe hata ikizidi ni balaa: presha juu, umeme unaliwa, kompresa inaweza kufa. Na ile R-22 ya zamani, ikivuja inakwenda kula ozoni.

Siku hizi fundi akitaja gesi tu, shangazi anamdaka: "Mizani yako iko wapi, mwanangu?"