Nuru Kichwani mwa Mfalme

Mwanafunzi wetu mmoja alituletea kitabu chenye picha ya Jahangir, mfalme wa ukoo wa Mughal aliyetawala Bara Hindi tangu 1605 hata 1627. Akauliza, "Maalim, huyu ni walii? Mbona ana nuru kichwani?" Tukamwamrisha akifunge, madrasa si mahali pa picha. Usiku tukajuta, kwani swali lilikuwa la haki, nasi tulilikimbia.

Kesho yake tukakifungua pamoja. Tukamweleza kuwa ile nuru, jua na mwezi vilivyounganishwa, aliichora Bichitr, mchoraji wa mfalme, kuonyesha utukufu wa enzi. Si dalili ya uwalii. Pembeni wapo Sultani wa Kituruki na James, mfalme wa Uingereza. Lakini Jahangir anampa kitabu shekhe mzee mwenye ndevu nyeupe, aliye karibu naye kuliko wao. Basi hata fahari ilipenda ionekane yawaheshimu wacha Mungu.

Kisha mtoto akatuonyesha kiti cha enzi: kumbe ni chupa ya mchanga ya kupimia saa! Vijimalaika vyaiandika dua, mfalme adumu miaka elfu. Na huku mchanga wateremka. Jahangir alifariki akiwa na miaka 58. Nasi tumekwisha pita 50, tukanyamaza kitambo.

Enyi walimu na wazazi wenzetu, tusiwafungie watoto maswali yao. Mchanga wetu nao wateremka. Wabillahi tawfiq.