Enanga Ilipoingia Kwenye Video

Enanga, sanaa ya Wahaya ya kuimba tendi kwa ala ya nyuzi, niliyoikuta utotoni Kashozi, Bukoba, haikuhitaji jukwaa. Mzee aliketi chini katikati ya wageni wa harusi, akapakata ala yake iliyochongwa kama mtumbwi, na kwa vidole vyake akaleta vita, baraza la Mukama (mfalme), mke aliyetelekezwa na tufani ya Mugasha, bwana wa ziwa. Wahusika wote walikuwa yeye mmoja. Wasikilizaji walitafuna kahawa, wakapokezana lubisi, pombe ya ndizi, na kila alipovuta pumzi walimwitikia. Wakichangamka, utendi ulirefuka. Wakizubaa, aliumaliza mapema.

Sanaa hiyo ilikuzwa katika nyumba za Bakama, wafalme wa Wahaya. Utawala wa machifu ulipofutwa baada ya uhuru, ilibaki kwa watu wa kawaida, na kwenye kanda. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikuwa ameshazirekodi nyimbo za Wahaya mwaka 1950. Baadaye Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifanyia utafiti tendi za enanga, akamaliza tasnifu yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Bila kazi za namna hiyo, tungekuwa tunasimuliana tu kwamba zamani palikuwa na waimbaji.

Nyumbani ilikuja kaseti. Upande wa kwanza ulikwisha vita vikiwa vimepamba moto, mtu akainuka kuigeuza. Baba aliendelea kuiitikia redio, "Waitu!", lakini sisi watoto tulikaa kimya. Nadhani hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipoanza, kabla hatujaona picha yoyote.

Video naipenda kwa jambo moja: vidole. Harusini watoto tuliketi nyuma, tukaona migongo ya watu. Katika video niliona kwa mara ya kwanza jinsi mkono unavyopita kwenye nyuzi, na kijana anayetaka kujifunza anaweza kurudia hapo hapo mpaka ashike. Ila mpiga picha huukata utendi mzima ukawa wa dakika chache, na wasikilizaji hawaonekani kabisa.

Niliwahi kutazama onyesho la tamthilia ya muziki Les Misérables lililorekodiwa mwaka 1995 katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Mapambo ya jukwaa yaliwekwa kando, waimbaji wakasimama mbele ya vipaza sauti, na tamthilia ikasimama kwa sauti zao. Enanga imekuwa hivyo tangu mwanzo. Lakini wale wa London waliacha vigelegele vya ukumbi visikike. Sisi tunawafuta wanaoitikia, nao ndio nusu ya utendi.

Enyi vijana mnaopiga video za harusi Bukoba na Muleba, wekeni kamera ya pili upande wa wasikilizaji. Acheni mzee amalize. Kisha andikeni kwenye video jina lake, kijiji chake na tarehe.