Obubaala wa Kalerwe

Mvua ya Aprili ikinyesha usiku kucha, asubuhi yake soko la Kalerwe hujaa matope na uyoga. Soko lenyewe liko kaskazini mwa Kampala, kando ya barabara ya Gayaza, na malori ya matooke huingia kabla hapajakucha. Wauza uyoga hawana meza. Huketi pembeni, kila mmoja na jani la mgomba mbele yake, na juu ya jani kuna mafungu ya uyoga mweupe mdogomdogo. Kofia yake haizidi ukucha wa kidole gumba, na katikati ina kinundu chenye ncha. Huo ndio obubaala, uyoga ambao Waganda wengi wataupokea kwa furaha kuliko kitoweo cha nyama.

“Umetoka wapi, nnyabo?” nilimuuliza mama mmoja.

“Luweero,” alijibu kwa Kiswahili cha sokoni, huku akikwangua udongo kwenye mashina kwa ncha ya kisu, moja baada ya jingine, bila haraka. Nilipojaribu kupunguza bei alicheka. Kwa uzani, uyoga wake siku ile ulikuwa ghali kuliko nyama ya ng'ombe iliyoning'inia buchani nyuma yake. Jirani yake aliuza uyoga mamama, ule mpana wa kijivu unaolimwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa maganda ya mbegu za pamba. Huo upo mwaka mzima na bei yake ni nafuu. Obubaala haulimwi.

Sababu iko chini ya ardhi. Mchwa hukusanya majani makavu na vijiti, wakavila, kisha kinyesi chao wakakijenga kuwa masega ndani ya kichuguu. Juu ya masega hayo huota kuvu, nayo hulainisha miti ambayo tumbo la mchwa peke yake lisingeiweza. Huko ndiko kulima kwenyewe, na mchwa wamekuwa wakikufanya hapa Afrika tangu yapata miaka milioni 30 iliyopita. Aina kubwa za uyoga wa vichuguu huchipuka moja kwa moja kutoka ndani, kwa mzizi mrefu. Obubaala, ambao wataalamu huuita Termitomyces microcarpus, una njia yake: mchwa hutoa vipande vya sega nje na kuvitandaza, mvua ikivilowesha, uyoga huchomoza kwa mamia siku moja. Pasipo mchwa hakuna kitu.

Ajabu ni kwamba katika Kampala hiihii wapo watu wasioonja uyoga kabisa, nao si kwa kuuogopa. Ni wa ukoo wa Butiko, ambao mwiko wao ni uyoga wenyewe, na mkuu wa ukoo hubeba cheo cha Ggunju. Wanasimulia kwamba Kabaka Mulondo, mfalme wa Buganda, alipotawazwa angali mtoto mchanga, jamaa zake wa ukoo huo walibuni ngoma ya kumchezea ili asilie mbele ya watu, maana Kabaka halii. Ngoma hiyo ndiyo Amaggunju, inayochezwa hadi leo. Sisi wengine tunaula, na namna bora ya kuula ni luwombo: uyoga uliokaushwa juani unalowekwa, unaoshwa mara kadhaa mpaka mchanga uishe, unachanganywa na karanga za kusaga na chumvi, unafungwa ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni, kisha unapikwa kwa mvuke taratibu. Mchanga ukibaki, karanga zote hizo zimepotea bure.

Nje kidogo ya Gayaza nilifuatana na bibi mmoja, jjajja kama wanavyosema wenyewe, hadi kwenye shamba la kahawa na migomba. Kichuguu kilikuwa kirefu kuliko yeye. Alichuchumaa, lakini hakuchuma. Alitazama ardhi kwanza, akaona uyoga umetandaa upande mmoja wa kichuguu, wote wa umri mmoja. Aling'oa mmoja, akaupindua. Zile karatasi nyembamba zilizojipanga chini ya kofia zilikuwa nyeupe zenye wekundu hafifu. Akabonyeza ncha ya kofia, akanusa, ndipo akaanza kuchuma. Mahali pale alionyeshwa na mama yake, na uyoga hurudi palepale. Uliozeeka na kuanza kulegea aliuacha. Tulipokuwa tukirudi tulikuta uyoga mwingine mkubwa, mweupe, umesimama peke yake njiani. Nilimwuliza kama unaliwa.

“Huo siujui,” alisema, akaupita.

Neno hilo lina thamani kuliko vipimo vyote nilivyowahi kusikia. Watu hutia sarafu ya fedha sufuriani wangoje igeuke rangi, au hutia kitunguu, au husema kwamba uyoga ulioliwa na konokono hauwezi kumdhuru mtu. Si kweli hata kimoja. Konokono hula bila shida uyoga unaomuua binadamu, na sumu mbaya kuliko zote haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaushwa.

Ninayaandika haya kwa sababu ya jambo linaloendelea Kampala. Vichuguu vinasawazishwa. Udongo wake unashikamana vizuri, kwa hiyo unafyatuliwa matofali, na mahali pake panapandwa nyasi. Mvua zikija, kwenye nyasi huota uyoga wa namna nyingine. Niliuona Muyenga, kwenye bustani ya nyumba ya wageni, umejipanga nusu duara: mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete kwenye shina. Mlinzi alisema unafanana na wa kwao kijijini. Ulikuwa na sura zote za Chlorophyllum molybdites, uyoga wa sumu unaopenda nyasi za nchi za joto. Ukiwa mchanga, chini ya kofia ni mweupe; ukikomaa huingia ukijani. Ukilaza kofia yake juu ya karatasi nyeupe usiku, asubuhi utakuta unga wa kijani. Kijani maana yake usiule. Lakini unga mweupe haumaanishi usalama, kwa kuwa Amanita, jamii ya uyoga yenye aina zinazoua, nazo hutoa unga mweupe.

Huo wa kijani hutapisha na kuharisha vibaya ndani ya saa chache, na mtoto anaweza kuishiwa maji mwilini. Amanita za kuua ni hatari zaidi kwa sababu hukawia. Tumbo huanza kukata baada ya saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa hupata nafuu, watu wakamshukuru Mungu, kumbe ini linaharibika. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, awe amepata nafuu au la, na mchukue uyoga uliobaki, hata maganda yake, daktari auone.

Msichume uyoga kwenye nyasi za mjini. Mkitaka obubaala, nunueni kwa mtu anayeweza kuwaambia umetoka kwenye kichuguu gani, au mfuateni anayejua mpaka mahali penyewe. Na wewe uliyenunua kiwanja Wakiso au Mukono chenye kichuguu, kabla ya kuita trekta waulize majirani kama hapo huota uyoga. Wakisema ndiyo, jenga kando yake, uwaruhusu waje kuchuma.