Niliwadanganya kuhusu setilaiti

Wasee, wacha nianze na aibu. Ile video yangu ya mwezi uliopita ni uongo. Sikukusudia, lakini ni uongo. Nilisema huko angani kuna baridi ya kufa, kwa hivyo kompyuta ya setilaiti inajipoza yenyewe, haiwezi kuchemka. Mkaipenda sana. Hakuna video imewahi kunilipa kama hiyo.

Halafu jamaa tuliyesoma naye kabla niache chuo mwaka wa pili (karo, mnajua hiyo stori) akanitumia ujumbe mmoja tu: "Buda, chai kwa flaski hukaa moto kwa nini?"

Nikanyamaza. Kwa sababu katikati ya zile kuta mbili za flaski hewa imetolewa, na bila hewa joto halina wa kulibeba. Hiyo ni fizikia ya kidato cha kwanza. Hata si ya chuo.

Sasa fikiria chipu ya setilaiti. Laptopu yangu nikikata video inanguruma kama mashine ya posho, feni ikisukuma hewa moto nje. Kule kwenye ombwe feni ingezunguka bure. Joto la chipu lazima lipitie kwenye chuma, kutoka bodi hadi fremu, kisha fremu ilitoe kama miale isiyoonekana. Polepole. Kituo cha Kimataifa cha Anga kimefungwa mabapa makubwa meupe ya kazi hiyo tu, na amonia inazunguka kwenye mabomba yake. Lakini setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka kituo hicho Mei 2018, ilikuwa kaboksi ka sentimita 10 kila upande. Hapo bapa utaliweka wapi? Unahesabu kila wati.

Baridi nayo iko, sikatai. Setilaiti ya karibu na dunia inaizunguka kwa kama dakika 90, ikitoka juani na kuingia kivulini, tena na tena. Bodi inatanuka, inanywea, mpaka risasi ya kuchomea inaweza kupata nyufa. Na mnajua ile harufu ya gari jipya? Ni mvuke wa plastiki na gundi. Kwenye ombwe hutoka kwa wingi zaidi na kwenda kuganda kwa lenzi ya kamera. Ndiyo maana vifaa hupimwa kabla: saa 24 bila hewa, nyuzi 125, na visipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito.

Nilitengeneza video ya kurekebisha haya yote. Imetazamwa mara 412. Ile ya uongo bado inapanda, na jana mtu ameniandikia ati ameitumia kufundisha darasa la mdogo wake.

Nimeifuta leo asubuhi. Kodi ya mwezi huu, nitajua vile nitaongea na mwenye nyumba.