Mizani ya Kolwezi

Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kusimama Tazara jioni akingoja basi ameyaona malori yatokayo Kongo. Huja moja nyuma ya jingine, yametapakaa vumbi jekundu, na mengine yamefungwa sahani za shaba zinazong'aa hata kabla taa za barabarani hazijawashwa. Shaba haijifichi. Lakini yako malori yenye makontena yaliyopigwa lakiri, na ndani yake mna magunia makubwa ya unga. Unga huo una kobalti, na mpita njia hauoni kamwe.

Ndugu msomaji, tuifuate njia yake kinyumenyume, kutoka gatini hadi shimoni. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 2,000. Tutapita Morogoro, Iringa na Mbeya, tuvuke Tunduma, kisha tuikate Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, ambako foleni ya malori huweza kumshikilia dereva siku kadhaa, na mama lishe huwa na shughuli nyingi kuliko afisa wa forodha. Mbele yake ni Lubumbashi, halafu Likasi, na hatimaye Kolwezi.

Mgeni kutoka pwani hapotei kwa lugha huko. Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ingawa kimetiwa Kifaransa kwa wingi. Mji wenyewe ni mtoto wa mgodi. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ndiyo iliyotawala uchimbaji wa Katanga mpaka serikali ilipoitwaa mali yake mwaka 1967, ikazaliwa Gécamines. Leo migodi mikubwa imo zaidi mikononi mwa makampuni ya kigeni, mengi yao ya Kichina, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo.

Kando ya migodi hiyo wamo wachimbaji wadogo, wenye sururu, kamba, tochi na gunia. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa wa Kasulo alikuta mawe ya kobalti ardhini nyumbani kwake. Haukupita muda mrefu mtaa ukawa mashimo, watu wakichimba hata chini ya vyumba walivyolala. Juni 2019, mgodi mmoja wa Kolwezi uliporomoka, wakafa wachimbaji wasiopungua 43.

Hata hivyo, jasho la mchimbaji halipimwi shimoni. Hupimwa dukani. Mnunuzi huliweka gunia kwenye mizani, kisha huelekeza kwenye jiwe kifaa mfano wa bastola, na tarakimu hutokea: asilimia ya kobalti. Bei ya kila asilimia imeandikwa ubaoni. Mizani ni ya mnunuzi, kifaa ni chake, na ubao ni wake. Mtu aliyelipasua jiwe kwa mikono yake na kuuona weusi wake huambiwa kwamba ni hafifu. Atabishana na nani? Gunia halirudishwi shimoni, na nyumbani wanangoja unga wa namna nyingine.

Baada ya hapo jiwe huyeyushwa kwa tindikali, hugeuzwa unga, hupanda lori. Meli huuchukua hadi China, inakosafishwa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, na huko huingia katika betri za simu na za magari.

Serikali ya Kongo nayo imetaka kuishika mizani. Februari 2025 ilisimamisha kobalti isiuzwe nje, kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka mno. Oktoba ikaweka mgao, tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hicho hicho kwa mwaka 2027. Bei ya dunia ilipanda. Lakini mgao huo hugawiwa makampuni, si watu wenye sururu.

Kwao siku huanza na ubao. Mnunuzi huichomoa simu mfukoni, akatazama bei iliyolala usiku ule, akafuta chaki kwa kiganja na kuandika tarakimu nyingine.