Farasi wa Mhasibu

Ofisini kwetu Morogoro tulianza na kompyuta moja ya mezani, watu wanne tukipokezana kiti. Ilikuwa na Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, nami nilikabidhiwa kazi ya kumfungulia kila mtu akaunti yake. Picha za akaunti tulizikuta humo humo: bata wa njano wa kuchezea majini, mpira, gitaa, kete za sataranji, farasi, chura. Zilikuwa ndogo mno, pikseli 48 kwa 48, lakini kila asubuhi zilijipanga kwenye kioo cha buluu na kila mtu akajua pa kubofya.

Mhasibu wetu, mama wa makamo, alikuwa na kawaida ya kusahau miwani nyumbani. Majina hakuhangaika nayo. Alikwenda moja kwa moja kwa farasi. Nilipotaka kumwekea picha yake ya pasipoti alikataa. "Mwanangu, farasi wangu niachie. Huyo namwona hata kwa mbali." Nilimwachia, na tangu siku hiyo nikaichukulia kazi ya picha kwa uzito.

Baadaye tukaletewa seva, kompyuta zote zikaunganishwa chini yake, na kwa XP hilo lilimaanisha picha zote kutoweka. Kikabaki kisanduku cha jina na cha nywila. Wenzangu wakaanza kubandika vikaratasi vyenye majina yao ubavuni mwa kioo, na wengine, kwa bahati mbaya, na nywila.

Windows 7 ilipokuja mwaka 2009 picha zilirudi, sasa pikseli 128 kwa 128, na hapo watu wakataka sura zao: watoto, harusi, mahafali. Nilizikata na kuzipunguza moja moja, na niliifurahia kazi hiyo. Mabadiliko makubwa zaidi yakaja na Windows 8, mwaka 2012. Akaunti ikaweza kuunganishwa na ile ya mtandaoni, na picha uliyoiweka nyumbani ikakufuata hadi kazini. Dada wa mapokezi alijikuta picha yake akiwa na mwanawe mchanga inawaangalia wateja wote waliosimama mbele ya dawati. Hakupenda, na alikuwa na haki.

Tulipohamia Windows 10 nikagundua jambo jingine: ukibadilisha picha, ya zamani haiondoki. Inabaki kwenye mipangilio pembeni ya mpya, na kitufe cha kuifuta hakuna. Inabidi ufungue folda ya AccountPictures, iliyofichwa ndani ya AppData ya mtumiaji mwenyewe, uifute kwa mkono. Kwenye mashine zetu za Ubuntu picha hukaa ndani ya /var/lib/AccountsService/icons, kila faili likiwa na jina la mtumiaji, na huko huwezi kugusa kitu bila mamlaka ya msimamizi.

Kwa maoni yangu, kompyuta iliyo mbele ya umma inastahili alama, sura za watu zibaki kwenye mashine zao binafsi. Nanyi mnaosimamia kompyuta za ofisi, shule na zahanati, mtu akihama kazi msiishie kufunga akaunti yake. Ingieni kwenye folda hizo siku hiyo hiyo mkaitoe na picha yake.